Fundi wa Filamu na Chama Chake

Mhakiki wa filamu nchini mwetu amezoea kuuliza maswali mawili. La kwanza ni la maudhui: filamu hii yasema nini juu ya jamii? La pili ni la fani: yasemaje? Maswali hayo ni mema, nayo hufundishwa katika shule zetu tangu zamani. Lakini filamu si shairi. Shairi hutungwa na mtu mmoja mwenye kalamu na karatasi, na hata akilala njaa, beti zake zaweza kutimiza vina na mizani. Filamu ni kazi ya kundi: mtunzi, mwongozaji, mpiga picha, mshika taa, fundi wa sauti, mpambaji, mhariri na waigizaji. Akilala njaa fundi wa sauti, njaa yake husikika.

Katika makala haya tunakusudia kuongeza swali la tatu: waliofanya kazi hii ni nani, waliifanya kwa mapatano gani, na wana chama gani cha kuwatetea? Tunadai kwamba kasoro nyingi tunazozilaumu katika filamu za Kitanzania hazikuanzia katika akili ya msanii. Zilianzia katika mapatano ya kazi.

Tulikotoka

Mwaka 1968 Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania. Fundi aliyefanya kazi katika shirika la umma alikuwa na mshahara wa mwezi, likizo, na mkuu wa kazi wa kumpelekea malalamiko. Filamu za zama hizo hazikuwa nyingi, lakini zilikuwapo: Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970, kisha Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Mashirika ya umma yalidhoofika, na mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilianza kurusha televisheni Tanzania Bara, baada ya Zanzibar kutangulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vikundi vya maigizo kama Kaole vikapata watazamaji majumbani. Filamu ya Girlfriend ilipotoka mwaka 2003, vijana wengi waliona kwamba kamera ndogo ya video yatosha kuanzia kazi.

Ukawa mwanzo wa wingi. Filamu zilitengenezwa kwa siku chache, zikauzwa kwa kanda na baadaye kwa diski, zikavuka mipaka hadi kwa wasemaji wa Kiswahili wa nchi jirani. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini katika badiliko hilo fundi alipoteza mwajiri asipate chama. Akawa kibarua wa simu: huitwa leo, hulipwa kesho, na pengine halipwi.

Kasoro na asili yake

Tutazame mifano mitatu ambayo kila mwanafunzi aweza kuihakikisha mwenyewe.

Kwanza, sauti. Katika filamu nyingi za miaka ile mazungumzo humezwa na pangaboi, pikipiki na jogoo wa jirani. Mhakiki husema, "Hawajui kazi." Ukweli ni kwamba mwenye fedha chache hupunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa ni yule ambaye kazi yake haionekani. Hivyo kipaza sauti hubaki juu ya kamera, mbali na kinywa cha msemaji.

Pili, urefu. Gari lafika getini, honi yapigwa, mlinzi afungua, gari laingia, mlango wafunguliwa, mtu ashuka, apanda ngazi. Dakika zimepita wala hadithi haijasogea. Wengi huona huo ni uvivu wa mtunzi. Lakini hadithi moja iliuzwa kwa sehemu mbili, kila sehemu kwa diski yake na bei yake. Soko lilinunua dakika, na mtunzi akauza dakika.

Tatu, tafsiri ya Kiingereza iandikwayo chini ya picha. Makosa yake yamewachekesha wengi, hasa walimu. Watu hucheka bila kuuliza kama mfasiri aliajiriwa. Mara nyingi kazi hiyo ilimwangukia mhariri, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Hatusemi kwamba kila kasoro ina udhuru. Ipo michezo iliyotungwa ovyo, na waigizaji wasiojifunza. Tunachosema ni kwamba mhakiki anayelaumu tunda bila kutazama udongo hajamaliza kazi yake.

Sheria ipo, mapatano hayapo

Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyozaa COSOTA. Mtunzi analindwa, na mwigizaji ana hakishiriki katika uigizaji wake. Kuanzia mwaka 2013 diski za muziki na filamu zilitakiwa kubandikwa stempu za kodi, ili kazi halali ijulikane na ya wizi ikamatwe. Hatua hizo zilikuwa njema.

Hata hivyo sheria humlinda mwenye haki mkononi, na wengi walikuwa wamekwisha kuiuza. Desturi ya soko la Kariakoo ilikuwa mtayarishaji kukabidhi kazi yake kwa msambazaji pamoja na haki zote, kwa fedha zilizolipwa mara moja. Baada ya hapo, filamu ingeuzwa nakala mia au laki, yeye hakuwa na dai. Nao mshika taa na mpambaji, ambao sheria ya hakimiliki haiwahesabu kuwa watunzi, kinga yao ni mkataba. Asiye na mkataba hana mahali pa kushika.

Tarehe 7 Aprili 2012 alifariki Steven Kanumba, na Dar es Salaam ilifurika waombolezaji. Taifa lilimlilia kwa haki. Lakini katika umati ule, ni wangapi wangaliweza kutaja jina la mpiga picha mmoja tu wa filamu zake? Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Yafaa tuulize na mpiga ngoma je?

Juu ya vyama

Haitakuwa haki kusema kwamba wafanyakazi hawa hawakujaribu kuungana. Lipo Shirikisho la Filamu Tanzania, na chini yake vyama vya waigizaji, waongozaji, watayarishaji na wengineo. Lakini lazima tuhakiki vyama kama tunavyohakiki filamu.

Mwezi Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa kwa bei ya chini. Dai lao lilikuwa na msingi: mwenye duka aliyenakili filamu ya ng'ambo bila kulipa hati yoyote aliweza kuuza kwa bei ambayo mtengenezaji wa nyumbani hangeiweza. Wananchi wengi wakajibu, "Boresheni kazi zenu kwanza." Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, nazo hazikukutana. Mwananchi alitaka ubora, msanii akataka soko. Wala hapakuwa na sauti kubwa iliyosema kwamba ubora hujengwa na fundi aliyelipwa.

Chama kionekanacho misibani na kwenye sherehe tu hakitoshi. Tunaona kazi nne za chama cha kweli: kuweka mkataba wa maandishi na kiwango cha chini cha malipo, kuhakikisha majina ya wote yaandikwa mwishoni mwa filamu, kuwa na mfuko wa kusaidiana wakati wa ugonjwa na uzee, na kufundisha.

Wapo wasemao kwamba chama kitawalinda wavivu. Hofu hiyo ina sababu, lakini dawa yake imo katika mila yetu ya ufundi. Mwanagenzi alijifunza kwa fundi kwa muda mrefu, akahitimu, akatoa ada ya kilemba, ndipo akaitwa fundi. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, imeishi zaidi ya miaka mia kwa sababu ni chama cha wanachama, si cha nyota mmoja. Nasi washairi twajua faida ya UKUTA, chama kilichoanzishwa mwaka 1959: kilitukutanisha, na mtunzi mchanga akapata wa kumsahihisha. Chama kinachopima ufundi ndicho kiwezacho kudai malipo ya fundi bila kuona haya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaruhusu wafanyakazi 20 kukutana na kuunda chama cha wafanyakazi. Idadi hiyo hupatikana katika filamu mbili tu. Kinachopungua ni mazoea ya kukaa pamoja, na ujasiri wa kukataa kazi isiyo na mkataba hali mwenzako yuko tayari kuipokea. Hapo ndipo penye ugumu wote, maana kibarua akataaye leo ana watoto wa kulisha jioni. Kwa hiyo mfuko wa kusaidiana hauna budi kutangulia mgomo.

Hitimisho

Siku hizi diski zimepungua, na tamthilia za mfululizo huonekana kwa ving'amuzi na simu. Mnunuzi amebadilika, swali halikubadilika. Kituo kinunuapo sehemu mia za tamthilia, fundi wa sauti anapata nini, na kwa karatasi gani?

Tunawaomba walimu wanapofundisha uhakiki wa sanaa za maonyesho wasizime filamu hadithi inapokwisha. Wanafunzi na wasome majina hadi la mwisho, wataje kazi ya kila mmoja, kisha waeleze ni wapi katika filamu kazi hiyo imeonekana na wapi imepungua. Pale jina lisipoandikwa, waulize sababu. Uhakiki wa namna hiyo utamfunza kijana sanaa, na pia utamfunza kwamba utamaduni wa taifa hujengwa kwa mikono ya watu wanaostahili ujira wao.