Ustadi wa Kupanga Foleni

Katika ofisi ndogo za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia vyama vya akiba na mikopo vya Buruburu hadi karakana za Kariobangi Light Industries, kazi bora ya fundi wa mitandao ni ile ambayo hakuna anayegundua kuwa imefanyika: simu inapigwa kupitia intaneti, mkutano wa video unaendelea, kompyuta ya mhasibu inapakia mafaili mazito, na sauti haikatiki.

Msingi wa ustadi huo ni kujua kwamba sauti haina subira. Mazungumzo hukatwa vipande viitwavyo pakiti, kwa kawaida 50 kila sekunde, na viwango vya kimataifa hupendekeza kwamba safari ya sauti kutoka mdomo hadi sikio isizidi milisekunde 150. Barua pepe ikichelewa sekunde tatu hakuna anayelalamika, lakini wazungumzaji wakicheleweshwa hivyo hukatizana maneno. Kwa hiyo fundi huagiza pakiti za sauti zipewe alama, mara nyingi namba 46, na za video 34, ili ruta, yaani kifaa kinachozielekeza, izitangulize.

Alama peke yake haitoshi. Fundi hodari huiwekea ruta kikomo kilicho chini kidogo ya kasi iliyolipiwa, tuseme megabiti 9 kati ya 10, na mwenye ofisi huona amepunjwa. Kumbe makusudi ni foleni ijipange ndani ya ofisi, ambako inatawalika, isijipange kwa mtoa huduma, ambako alama hizo kwa kawaida hazitazamwi. Kisha sauti nayo huwekewa mpaka, maana ikiachiwa njia yote, kazi nyingine zitakosa pa kupita.

Kabla ya nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 angani, na uhaba na ughali wa wakati huo ulifunza nidhamu. Leo faiba imening'inia kwenye nguzo za Umoja na Kayole, na kila sauti inayokatika hutibiwa kwa kununua kasi zaidi, kana kwamba wakazi hawakuona Barabara ya Outer Ring ikipanuliwa na msongamano ukabaki. Ruta hutolewa kwenye boksi, huchomekwa na kuachwa na mipangilio ya kiwandani, na anayeifunga huondoka bila kuuliza ni nani ofisini huzungumza na nani, na saa ngapi, swali ambalo zamani lilitangulia hata kufungua begi la vifaa. Malalamiko yakija, megabiti huongezwa na bili hupanda, huku meneja akiendelea kuuliza kama anasikika.