Ugali wa Mchanga

Mtazame mtoto wa miaka mitatu anayesonga ugali wa mchanga chini ya mwembe. Anachota kwa kifuniko cha soda, anamimina kwenye kopo, anasonga kwa kijiti huku amekunja uso kwa sababu ya moshi usiokuwepo. Kisha anaonja, na hapo ndipo pa kukaza macho. Kijiti kinapanda mpaka karibu na mdomo, kinasimama umbali wa kidole, midomo inachapa hewa, kichwa kinatikiswa: bado haujaiva. Hakuna punje iliyoingia kinywani. Mwaka mmoja tu nyuma angeubugia mchanga huohuo na kupigiwa kelele.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Alan Leslie, aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika kuhusu fumbo lililomo humu. Mtoto huyu bado anajifunza kila kitu ni nini na kinafanya kazi gani. Akiweka ndizi sikioni na kusema "haloo", kwa nini asivurugikiwe na kuamini kwamba ndizi ni simu? Lakini akimaliza maongezi anaimenya na kuila. Leslie alieleza kwamba akili huyaweka mambo ya mchezo kando, yasichanganyike na maarifa ya kweli.

Jaribio lake mwenyewe ni kazi safi ya mikono. Mtoto wa miaka miwili na kitu anaandaa karamu ya chai, "anajaza" vikombe viwili kutoka chombo kisicho na kitu. Mtafiti anakipindua kimoja, anakikung'uta, anakirudisha. Kipi kitupu? Mtoto anaonyesha kilichopinduliwa, ingawa vyote viwili vilikuwa vikavu tangu mwanzo. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakimtoi mtoto mchezoni ili kumhoji. Mtafiti naye anakaa karamuni.

Wakifika miaka minne, kazi inakuwa ngumu zaidi. Majani ya mwembe ni hela, na aliyerudishiwa chenji pungufu hakubali. Katikati ya ugomvi mmoja anatoka nje ya mchezo kupanga upya: "Tufanye wewe ndiyo mgonjwa, mimi daktari. Ila usilie kweli." Akishapanga, sauti inabadilika, tayari yuko zahanati. Wapo waigizaji wa jukwaani wasioweza kuingia na kutoka hivyo bila kujikwaa.

Sasa mtake aeleze anachofanya. Mwaka 1993 mtafiti wa Marekani, Angeline Lillard, aliwaonyesha watoto mwanasesere aitwaye Moe, zimwi kutoka nchi ya mazimwi. Moe anarukaruka kama sungura, lakini hajawahi kuona sungura wala kusikia habari zake. Je, anajifanya sungura? Mtu mzima atasema hapana, maana huwezi kuigiza usichokijua. Watoto wengi wa miaka minne walisema ndiyo. Kwao kujifanya ni kuruka kwenyewe. Kilichomo kichwani mwa mrukaji hakihesabiwi. Na hao ndio wanaowagawia wenzao ugonjwa na udaktari bila kusita!

Wengi hulipata jibu la watu wazima kati ya miaka sita na minane hivi, umri ambao baadhi yao wameshaanza kuuona mchezo wa baba na mama kuwa mambo ya watoto wadogo.