Hukumu ya Masikio juu ya «Ngoma Iko Huku»

Santuri ya Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro, iitwayo «Ngoma Iko Huku», imekusanya nyimbo za mwaka 1955 hadi 1965, mwaka aliofariki mwimbaji huyo. Wasikilizaji wake ni wa namna mbili. Wa kwanza husifu kwa miguu: wimbo unachezeka, basi ni mwema. Wa pili hulaumu asili: mapigo ni ya Kuba, yaliyofika Afrika ya Mashariki kwa santuri za GV katika miaka ya 1930, basi si yetu.

Lawama hii si nyepesi. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza ya urais, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi walijua rumba na twist kuliko ngoma za kwao. Huko Mtwara, kwenye sindimba ya Wamakonde, msikilizaji ana kipimo karibu na mlango wake. Lakini na akitumie kwa haki. Sindimba haisifiwi kwa uzawa tu; husifiwa kwa kuwa ngoma, wimbo na mchezaji hujibizana. Akipimwa hivyo, Salum Abdallah hashindwi: gitaa huuliza, sauti hujibu kwa Kiswahili, na mapigo ya ugenini huwa mtumishi wa maneno.

Watu wa Mikindani na Msimbati hawalihukumu jahazi kwa bandari lilikotoka, hutazama shehena. Kasoro ya kweli ya nyimbo hizi ni ufupi: upande wa santuri za zama zile ulichukua dakika tatu hivi, na wimbo hukatika ngoma ikianza kukolea. Mwenye kulaumu na aanzie hapo.