Wanaosema Sheng ni entropi wamepima nini?

Kuna kauli inayozidi kupendwa katika makongamano ya Kiswahili: ati Sheng ni "entropi" ya lugha. Msemaji hukusudia kwamba Kiswahili kilipofika Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho kilianza kuoza kwa kanuni ya maumbile, kama chuma kinavyoshika kutu. Kauli hiyo ina mvuto, ila neno lenyewe limeazimwa nusu.

Rudolf Clausius alilibuni mwaka 1865 akizungumzia joto. Baadaye Ludwig Boltzmann akalihusisha na hesabu: chembe zinaweza kupangika kwa njia ngapi bila sisi tulio nje kuona tofauti? Njia zikiwa nyingi, entropi huwa kubwa. Wengi wetu hulifasiri "vurugu", na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu vurugu ni hukumu ya mtazamaji ilhali entropi ni hesabu. Isitoshe, kanuni kwamba entropi haipungui inahusu mfumo uliofungwa. Sasa Eastlands imefungwa wapi? Kila siku inapokea maneno ya Kikuyu, Dholuo, Kikamba na Kiingereza.

Mwaka 1948 Claude Shannon, mhandisi wa Marekani, alitumia neno hilohilo kupima kutokuwa na hakika kwa mpokeaji wa ujumbe. Hebu twende Gikomba. Rundo likiwa la mashati matupu, ukichomoa nguo umefumba macho unajua utatoka na nini. Entropi ni sifuri. Likiwa na aina nane za nguo kwa idadi sawa, nahitaji maswali matatu ya ndiyo au la ili nijue umeshika nini. Hizo ni biti tatu. Kumbe basi kipimo hiki kinategemea pia anachokijua mpokeaji. Kijana akisema "thao" au "ngiri", mwenzake anajua ni shilingi 1,000 na hana la kubahatisha. Mgeni aliyeshuka jana kutoka Pemba atakisia. Sauti ni zilezile, wanaotofautiana ni wasikilizaji.

Tuje kwenye sarufi, ambako wakosoaji wa Sheng hudhani wana ushahidi. Kiswahili sanifu husema "kitabu changu kizuri kimepotea". Alama ya ngeli imejitokeza mara nne. Mtaani utasikia "kitabu yangu poa imepotea". Kwa macho ya Shannon, sentensi ya kwanza ina marudio mengi: ukishasikia "kitabu", "changu" haikushangazi. Anayepunguza marudio hayo hajavuruga mfumo, amebana matumizi tu. Hata "yangu" na "imepotea" zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Upo utaratibu hapo, japo si ule wa vitabu vya shule.

Lakini wapenzi wa Sheng wasishangilie mapema. Marudio yana kazi. Panda nganya ya kwenda Dandora, muziki juu, utingo akipiga kelele mlangoni, neno "kitabu" lipotelee humo. Aliyesikia "changu kizuri kimepotea" bado ana pa kuanzia: kitabu, kiatu, kisu, kikapu. Aliyesikia "yangu poa imepotea" anaweza kudhani ni simu, pesa, nyumba au chochote kile. Upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi wangu huuona adhabu, ni kinga dhidi ya kelele. Hii ndiyo hoja nzito ya kuutetea usanifu, na sijamsikia hata mtetezi mmoja wa usanifu akiitumia. Wanapendelea kutu.

Wala entropi kubwa si utajiri wa maana, kama wanavyodai baadhi ya vijana wa isimu. Shannon mwenyewe aliweka maana kando; mfuatano wa herufi zilizookotwa ovyo una entropi kubwa na hausemi kitu.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu lina athari darasani. Mtoto wa Kariobangi akikosolewa kwamba insha ya mtihani inataka Kiswahili sanifu, ameelekezwa. Akiambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwao ni uozo uliothibitishwa na fizikia, amedanganywa, tena kwa jina la sayansi.

Anayetaka kupima kwa dhati hahitaji maabara. Mwaka 1951 Shannon alichapisha jaribio ambamo wasomaji walikisia matini ya Kiingereza herufi baada ya herufi, akakadiria kwamba kila herufi inabeba takriban biti moja, ingawa herufi 26 zenye nafasi sawa zingebeba 4.7. Mchukue kijana wa Jericho na mwalimu wa Kiswahili, wape matini mbili, moja ya Sheng na moja sanifu, wakisie, uhesabu makosa ya kila mmoja kwa karatasi na kalamu.