Majina ya Nyota: Mkopo na Kosa

Wanafunzi wa hapa Kashai huniuliza: ikiwa Zuhura, Mirihi na Zohali ni maneno ya Kiarabu, je, wazee wetu hawakuwa na habari ya mbingu? Swali hili si dogo, maana ndani yake mna dhana kwamba aliyekopa jina hakuwa na elimu. Dhana hiyo haina budi kupimwa.

Tuanze na kundi la nyota liitwalo Kilimia. Jina hili latokana na kulima, nalo lina ndugu zake mbali: Wazulu husema isiLimela. Mkulima alilitazama kundi hilo apate kujua majira. Waarabu huliita Thuraya. Neno hilo nalo lilifika pwani, lakini halikuking'oa Kilimia. Lilishuka likawa thurea, taa ya kuning'inizwa darini. Baharia naye alipokea Suheli, nyota ing'aayo upande wa kusini, hata jina lake likawa jina la kusini yenyewe. Basi kila jina lina kazi iliyolizaa: jembe lilitoa lake, na tanga likaleta lake.

Kukopa si aibu. Wazungu nao husema Aldebaran, yaani mfuasi, kwa kuwa yafuata Kilimia. Husema Rigel, yaani mguu. Na Dubhe ni dubu yule yule tumjuaye. Al-Sufi, aliyeandika kitabu cha nyota yapata mwaka 964, naye alijenga juu ya kazi ya Ptolemy, aliyeandika kwa Kiyunani.

Aibu ni kukopa bila kuelewa. Sayari iliyo karibu zaidi na jua ina jina lake la kale, Utaridi; lakini baadhi ya vitabu vimeiita Zebaki. Zebaki ni madini ya majimaji. Kiingereza hutumia neno moja, Mercury, kwa sayari na kwa madini. Mfasiri akashika madini, akaiacha sayari. Kosa hili halikutoka kwa Waarabu wala kwa wahenga. Limetoka mezani petu, sisi tushikao kalamu.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hufanya kazi usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, na nyota zikiwa juu yao. Walimu, watumeni wanafunzi wakawaulize wazee majina ya nyota kwa Kihaya, wayaandike pamoja na matumizi yake. Mzee akitutoka kabla ya kuulizwa, hakuna kamusi itakayoyarejesha.