Ramani ya Kromosomu Iliyowezesha Kutenga Madume ya Nzi wa Matunda

Nzi wa matunda wa Mediterania, Ceratitis capitata, asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Jike hutoboa tunda na kutaga ndani, na mabuu hulila likiwa bado mtini. Dawa mojawapo ni kuachia madume tasa waliozalishwa kiwandani, kwa mamilioni, ili majike wa porini wapandwe bila kuzaa. Majike wa kiwandani hawatakiwi, lakini nani atawachambua kwa mkono? Jibu lilitoka kwenye kromosomu.

Nzi huyu ana jozi 6 za kromosomu. Kazi ilianza kwa kuwazalisha: nzi wenye sifa tofauti walipandishwa, kisha ikahesabiwa ni mara ngapi sifa mbili zimeachana kwa watoto. Zinazoachana kwa nadra ni jirani. Hesabu hiyo hutoa ramani ya mpangilio wa jeni, ila haionyeshi kila moja imekaa wapi hasa.

Pengo hilo lilizibwa na tezi za mate za buu. Humo DNA hujinakili tena na tena bila seli kugawanyika, na nakala hulala sambamba hadi kromosomu inanenepa na kuonyesha mistari chini ya hadubini. Tezi hubanwa kati ya vioo viwili, kisha huwekewa kipande cha DNA kilichotiwa alama. Kipande hicho hunasa penye mfuatano unaolingana nacho tu, na alama huonekana kwenye mstari huo. Maabara ya Antigone Zacharopoulou huko Patras, Ugiriki, ilikuwa kinara wa kazi hii. Kromosomu za jinsia, X na Y, hazinenepi hivyo, kwa hiyo ramani hii ya pili ilihusu jozi 5 zilizobaki.

Faida yake ilionekana kwenye kromosomu ya 5. Hapo pana jeni mbili: moja ikiharibika pupa huwa mweupe badala ya kahawia, nyingine ikiharibika yai hufa kwa joto la nyuzi 34. Kipande chenye jeni hizo zikiwa nzima kiliunganishwa na Y, hivyo madume pekee huzipata. Majike hubaki na nakala zilizoharibika tu: pupa wao huwa weupe, na mayai yakipashwa joto, wao hufa.

Lakini sehemu za kromosomu zikibadilishana, hata kwa nadra, aina hiyo ya nzi huvurugika kiwandani. Ndiyo maana watafiti walichagua mivunjiko, yaani mahali kromosomu ilipokatika ili kuungana na Y, iliyo karibu na jeni hizo, kisha wakaongeza kipande kilichogeuzwa, D53, kuzuia mabadilishano. Bila ramani hizo mbili kuoanishwa, uchaguzi huo ungekuwa wa kubahatisha.