Diwani Isiyo na Siku ya Nane: Uhakiki wa Albamu ya Grandes Éxitos ya Shakira

Mwezi wa Novemba mwaka 2002, Shakira, mwimbaji kutoka Barranquilla nchini Kolombia, alitoa albamu ya mkusanyiko iitwayo Grandes Éxitos, yaani nyimbo zilizovuma sana. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 25. Katika fasihi ya Kiswahili, mkusanyiko mara nyingi huja baada ya msanii kuondoka. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, kwa mfano, yalihifadhiwa na watu wengine na kuchapishwa kama diwani mwaka 1940, takriban karne moja baada ya kifo chake. Shakira alikusanywa akiwa kijana, jina lake likiwa moto sokoni. Hata hivyo, swali tunalofundishwa kuliuliza mbele ya diwani yoyote linafaa hapa pia: ni kipi kimechaguliwa, na ni kipi kimeachwa?

Nianze na lugha, kwa kuwa hapo ndipo albamu hii inapostahili sifa. Mwaka mmoja kabla, Shakira alikuwa ametoa Laundry Service, albamu yenye nyimbo 13, ambazo 9 kati yake ni za Kiingereza na 4 za Kihispania. Ndiyo iliyomfungulia milango ya Marekani na Ulaya, hasa kwa wimbo wa "Whenever, Wherever", ambao Gloria Estefan alishiriki kuuandika. Ingekuwa rahisi kwa waandaaji wa mkusanyiko kuyafuata mafanikio hayo. Badala yake walichukua zile nyimbo 4 za Kihispania na kuziacha zote za Kiingereza. Hata "Whenever, Wherever" imeingia kwa umbo lake la Kihispania, "Suerte", neno lenye maana ya bahati. Ni kweli kwamba albamu ililengwa kwa wasikilizaji wa Kihispania, na hilo ni jambo la biashara. Lakini matokeo yake ni makubwa kuliko biashara: msanii aliyekwisha kuvuka mpaka wa lugha anahesabiwa kwa lugha aliyoanzia. Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda, ambako Kiingereza ndicho kipimo cha kufaulu, tunaweza kulitafakari hilo.

Wimbo wa "Ojos Así" (Macho Kama Hayo), wa mwaka 1998, unaliongezea jambo hili kina. Babake Shakira ana asili ya Lebanoni, na wimbo huu una sehemu inayoimbwa kwa Kiarabu. Mzungumzaji wa Kiswahili hatakuwa mgeni kabisa humo, maana maneno ya Mungu, ya mbingu na ya uhai yana ndugu zake katika lugha yetu: Rabi, samawati, hayati. La mwisho linavutia zaidi. Katika Kiarabu neno hilo lina maana ya uhai. Kwetu limekuwa cheo cha aliyefariki. Wimbo wa mapenzi kutoka Kolombia unatukumbusha jinsi maneno yanavyosafiri na kubadilika njiani.

Sasa nije kwenye maudhui, na hapa sifa zangu zinapungua. Mwaka 2000, katika tuzo za kwanza za Latin Grammy, Shakira alishinda mara mbili: kwa "Ojos Así" upande wa pop, na kwa "Octavo Día" (Siku ya Nane) upande wa roki. Mkusanyiko umeuchukua wa kwanza na kuuacha wa pili. "Octavo Día" unasimulia Mungu aliyemaliza kuumba akaenda kupumzika, kisha akarudi na kuikuta dunia imeharibika, watu wakichezewa na wenye nguvu. Ulioachwa pia ni "Pies Descalzos, Sueños Blancos", unaokejeli kanuni zinazombana mtu tangu kuzaliwa, pamoja na "Se Quiere, Se Mata", unaomhusu msichana anayepoteza maisha baada ya kutoa mimba. Zote mbili zimo katika albamu ya mwaka 1995, Pies Descalzos.

Nyimbo tatu za kuikosoa jamii, na zote hazimo. Nadhani mwelekeo unaonekana. Kilichobaki ni sauti ya mpenzi: anayengoja, anayelalamika, anayeaga, anayeapa. Mtu anaweza kunijibu kwamba "No Creo" umo, nao unawataja Marx na Sartre. Ni kweli, lakini wanafikra hao wanatajwa ili wakataliwe, na nafsineni anaishia kumwamini mpenzi wake peke yake.

Mtetezi mwingine atasema kwamba mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma hauna wajibu wa kufundisha. Kazi yake ni kukusanya kilichopendwa. Hoja hiyo ina uzito, ila haielezi kwa nini wimbo ulioshinda tuzo ukose nafasi huku "¿Dónde Estás Corazón?" ukipewa nafasi mbili, mara ya pili ukiwa umegeuzwa kuwa wa dansi. Nafasi ilikuwepo. Iligawiwa kwa wimbo ambao tayari msikilizaji alikuwa ameusikia dakika chache zilizopita.

Kifani, uimbaji na uandishi wa Shakira haviyumbi, na "Antología" unabaki kuwa mfano bora wa wimbo wa kumshukuru mpenzi aliyeondoka. Jina lake lenyewe lina maana ya diwani, na ndani ya wimbo mmoja unafanya kile ambacho albamu nzima haikukifanya: unaorodhesha mambo mazuri bila kuficha machungu.

Kwa maoni yangu, Grandes Éxitos ni mlango mzuri wa kumfahamu Shakira kama mtunzi wa Kihispania, lakini ni kipimo kibovu cha fikra zake. Atakayeitumia darasani asiishie hapo. Aiweke kando ya Pies Descalzos na ya ¿Dónde Están los Ladrones? ya mwaka 1998, asikilize kilichoachwa, ndipo ahukumu. Watu hukumbuka kile wanachoendelea kuuziwa, na msanii wa kike anapouzwa kwa mapenzi tu, hasira yake dhidi ya dunia husahaulika mapema kuliko inavyostahili.